Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Zabibu Zetu za Kilimo Hai

Shamba letu lina ukubwa wa ekari nne na lipo kusini mwa Jiji la Dodoma, katika ukanda wa barabara iendayo Iringa. Baba ndiye aliyepanda mizabibu ya kwanza. Leo hii kazi ipo mikononi mwa mama, kaka yangu na mkewe, pamoja na mimi ninayeandika majibu haya, ambaye pia ndiye ninayepokea simu zenu. Maswali yafuatayo huulizwa shambani, sokoni na hata msibani. Yale yanayohitaji maelezo marefu nimeyapa nafasi yake, na mengine nimeyajibu kwa ufupi.

Mnaposema zabibu zenu ni za kilimo hai, mna maana kwamba hampigi dawa kabisa?

Hapana, na tungependa mteja alifahamu jambo hili kabla hajatoa fedha yake. Tunapiga dawa, ila si zile zinazounganishwa viwandani kwa kemikali, na vivyo hivyo hatutumii mbolea ya chumvichumvi wala viua magugu. Dawa yetu ya kawaida ni salfa ya unga, ile ile wanayoifahamu wakulima wa korosho, ambayo tunaitumia dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaofunika majani na vichala kwa unga mweupe. Mara chache, hali ikiwa mbaya, tunapiga mchanganyiko wa mrututu na chokaa dhidi ya ubwiri vinyoya, ugonjwa mwingine unaopukutisha majani. Vyote viwili vimeruhusiwa katika viwango vya kilimo hai, lakini kwa masharti.

Sharti la mrututu ndilo linalotusumbua zaidi, kwa sababu ndani yake mna shaba, na shaba haiozi wala haipotei bali hujilimbikiza ardhini mwaka hadi mwaka. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta moja katika kipindi cha miaka 7. Sisi hatuuzi Ulaya, lakini tumekichukua kikomo hicho kuwa chetu, na kaka huandika daftarini kila gramu inayoingia kwenye bomba.

Mchanganyiko huo wenyewe una kisa kinachonifurahisha. Mwaka 1882, katika eneo la Médoc karibu na Bordeaux nchini Ufaransa, msomi mmoja wa mimea aitwaye Millardet aliona kwamba mizabibu iliyokuwa pembeni mwa barabara ilikuwa na majani ya kijani ilhali ile ya ndani ya mashamba ilikuwa imepukutishwa na ugonjwa. Alipouliza, aliambiwa kwamba wenye mashamba walipaka mizabibu ya pembeni mrututu na chokaa ili ionekane ina sumu na wapita njia waache kudokoa. Yeyote mwenye shamba kando ya barabara hapa Dodoma atawaelewa wazee hao bila kufafanuliwa zaidi.

Kama dawa ni chache hivyo, mnayazuiaje magonjwa?

Kwa kuchagua tarehe ya kupogolea. Hili ndilo jibu ambalo wageni wengi hawalitarajii, na mtu akituuliza ni kitu gani kimoja kinacholitofautisha shamba letu na la jirani, ni hicho.

Mzabibu wa hapa hauna baridi kali ya kuulaza usingizi kama ilivyo Ulaya. Huchipua wakati wowote unapokatwa, na tangu siku ya kupogolea hadi siku ya kuvuna hupita miezi mitatu na nusu hadi minne. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: mvuno wa kifuku, yaani Februari na Machi, na mvuno wa kiangazi, yaani Agosti na Septemba. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida huwa chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka. Ni mvua ndogo, lakini inatosha kabisa kuangamiza zabibu, kwa sababu ubwiri vinyoya huhitaji jani lililolowa ili uote. Mkulima anayepogolea Oktoba au Novemba ili avune wakati wa kifuku huiweka mizabibu yake katika maua na vichala vichanga wakati ule ule mvua inapoanza, na kuanzia hapo ni mbio baina yake na ugonjwa. Anayepiga dawa za viwandani anaweza kuzimudu mbio hizo. Sisi tulizijaribu kwa misimu miwili na tukashindwa zote mbili. Mara ya pili tuliokoa kreti kumi na moja tu katika ekari nzima.

Tangu hapo tunapogolea mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, mvua inapokuwa imekatika. Mizabibu huchanua na kubeba katika miezi ya Juni na Julai, hewa ikiwa kavu na usiku ukiwa na ubaridi, na ubwiri vinyoya hukosa pa kushikia. Unabaki ubwiri unga, ambao hauhitaji jani kulowa na hupenda kivuli. Huo tunaupunguza kwa kuondoa majani yanayofunika vichala upande wa asubuhi ili upepo upite, kisha salfa humalizia kazi. Salfa hupigwa alfajiri, maana jua likipanda na joto likavuka nyuzi 30 inaunguza majani.

Gharama ya uamuzi huo ni kwamba katika sehemu kubwa ya shamba tunavuna mara moja pale ambapo wengine wanavuna mara mbili. Wakati wa kifuku tunabakiza safu chache tu za zabibu za kula, zile zilizo juu ya mwinuko ambako upepo hukausha majani mapema.

Kwa nini bei yenu iko juu kuliko ya barabarani?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika swali lililotangulia: ekari yetu inalipwa mara moja kwa mwaka. Ongeza palizi ya jembe la mkono, kwa kuwa hatupigi kiua magugu, na maji ya kumwagilia miezi yote ya kiangazi. Hatudai kwamba zabibu zetu ni tamu kuliko za kila mtu. Utamu hutegemea zaidi aina, maji na siku ya kuvuna, na wapo wakulima wa kawaida wanaovuna zabibu nzuri sana.

Zabibu zenu zina unga mweupe juu yake. Je, hiyo siyo dawa iliyobaki?

Mara nyingi siyo. Ni nta ambayo zabibu yenyewe huitoa ili isipoteze maji na isiingiwe na vimelea. Njia rahisi ya kuitambua ni kuangalia mtawanyiko wake: nta hufunika punje yote kama ukungu mwembamba na hufutika kwa kidole ikiacha pale pameng'aa, wakati dawa iliyokauka huonekana kama madoa au michirizi pale tone lilipotelemkia. Mama hukata kichala kwa mkasi akikishika kwa kikonyo tu, bila kuzigusa punje, na kibarua anayekishika kiganjani kama anayechuma nyanya hukemewa papo hapo. Nta ikishafutwa, zabibu haikai. Kwa sababu hiyo hiyo tunakushauri usizioshe mpaka wakati wa kula. Ziweke kwenye friji zikiwa kavu, kisha osha zile unazozila.

Nikinunua zabibu ambazo hazijaiva sawasawa, zitaivia nyumbani?

Haziivi. Zabibu si embe wala ndizi; ikishakatwa mtini haiongezi sukari hata kidogo, bali hulainika na kusinyaa tu. Mfanyabiashara anayekuambia uzifunike siku mbili zitaiva anakuuzia uchachu. Sisi hupima kwa kipima sukari, kifaa kidogo kama darubini ambacho unakidondoshea tone la maji ya zabibu na kusoma namba ndani yake. Zabibu za kula hatuzikati chini ya 17, na za mvinyo husubiri hadi zivuke 20.

Je, mna cheti?

Tumo katika mfumo shirikishi wa uhakiki, ambapo wakulima wa kundi moja hukaguana kwa zamu kwa kufuata kiwango cha mazao ya kilimo hai cha Afrika Mashariki, kilichopitishwa mwaka 2007 na ambacho alama yake ni Kilimohai. Mfumo huu ni nafuu kuliko kumwita mkaguzi wa kampuni, na unatosha kwa soko la ndani na la nchi jirani. Kwa anayelenga Ulaya hali ni nyingine: huko huhitajika ukaguzi wa taasisi inayotambuliwa, na kwa mazao ya kudumu kama mzabibu shamba hupitia kipindi cha mpito cha miaka 3 kabla ya mvuno wa kwanza kuuzwa kwa jina la kilimo hai.

Naongeza neno moja kwa wanaodhani ukaguzi wa wenzako ni wa kupeana mikono. Mkaguzi mkali kuliko wote niliowahi kuwaona ni mama mmoja wa kundi letu, ambaye alilikataa shamba letu kwa msimu mzima kwa sababu ya nguzo. Kaka alikuwa amezichovya kwenye oili chafu ili mchwa wasizile, kama wafanyavyo watu wengi hapa, na yule mama aliinama, akanusa mguu wa nguzo, akafunga daftari. Tulizing'oa zote. Sasa tunatumia nguzo za zege, ambazo ni ghali kuzinunua lakini mchwa hawana la kuzifanya.

Jirani zenu wanapiga dawa. Upepo hauzileti kwenu?

Unazileta, na upepo wa Dodoma unajulikana. Upande wa mashariki tumepanda ukuta wa mbaazi ndefu na nyuma yake manyara. Hata hivyo safu tatu za mpakani huwa tunazivuna kando na kuziuza kama zabibu za kawaida kwa bei ya kawaida. Bomba la kupigia dawa hatuazimi wala hatuazimishi. Jambo hilo limetuletea lawama za uchoyo, lakini bomba lililobeba kiua magugu jana haliwezi kusuuzwa likawa safi kwa kilimo hai leo.

Mnatumia mbolea gani?

Samadi ya mbuzi na ng'ombe, ambayo katika nchi ya wafugaji kama Ugogo haijawa shida kuipata. Shida ni kuivundika. Samadi mbichi huunguza mizizi na hujaa mbegu za magugu, kwa hiyo tunaipanga matabaka na majani makavu na vikonyo vilivyobaki baada ya kukamua, tunaimwagia maji na kuigeuza kwa muda wa miezi mitatu. Kila mzabibu hupata debe mbili kabla ya kupogolea. Wakati wa mvua tunapanda kunde na choroko katikati ya safu, halafu tunayalaza mabua yake yakiwa bado mabichi, maana udongo wetu ni wa kichanga na hauna uhai mwingi wa kujivunia.

Mizabibu ikishakatwa, hutoka maji mfululizo. Je, inaumwa?

La. Huku tunasema mzabibu unalia. Maji hayo ni ya mizizi yanayopanda kwa nguvu kabla macho hayajafunguka, na hukoma yenyewe baada ya siku chache. Kinachotusumbua sisi wa nchi za joto ni kwamba macho hayafunguki kwa pamoja: moja huchipua leo, jingine baada ya wiki mbili, na vichala huiva kwa kupishana. Mashamba makubwa hupaka kemikali ya kuamsha macho, ambayo kilimo hai hakiiruhusu. Sisi tunaikatia mizabibu maji kwa wiki tatu kabla ya kupogolea, tunayachuma majani kwa mkono, kisha tunakata kwa kuacha macho mawili kwenye kila kitawi. Uchipuaji hauwi sawa kabisa, na ndiyo sababu tunavuna shamba moja kwa awamu tatu au nne.

Mbona hamlimi matufaha? Yana bei nzuri Dodoma.

Swali hili huletwa na wateja wanaonunua maepo ya Afrika Kusini pale sokoni Majengo. Mtufaha huhitaji baridi ili uchanue: aina nyingi za kibiashara zinataka saa zisizopungua 800 za ubaridi wa chini ya nyuzi 7 kwa msimu, na Dodoma haina hata usiku mmoja wa kutegemewa wa namna hiyo. Zipo aina zinazoridhika na baridi kidogo, kama Anna iliyotoka Israeli na Dorsett Golden iliyotoka Bahamas, na katika milima ya Njombe, Makete na Lushoto matufaha yanalimwa. Baba alipanda mitufaha miwili nyuma ya nyumba. Ina majani mazuri sana, na mbuzi wanayapenda.

Mnalima aina gani za zabibu?

Sehemu kubwa ni Makutupora nyekundu, ambayo inafaa kwa mvinyo na watu huila pia. Tuna safu kadhaa za Chenin Blanc kwa ajili ya mvinyo mweupe, na kwa kula tuna Black Rose na Queen of Vineyard. Zote zina mbegu. Anayetaka zisizo na mbegu hatutaweza kumhudumia.

Je, mnauza kwa watengenezaji wa mvinyo?

Ndiyo, lakini tumejifunza kutowategemea peke yao. Kuna mwaka mnunuzi mmoja alituahidi kwa mdomo kwamba angechukua tani zetu zote, akatuambia tusubiri gari. Zabibu zilifikia kiwango cha sukari siku ya Jumatatu, gari likaja baada ya siku tisa. Wakati huo nyigu walikuwa wameshatoboa punje, nyuki wakafuata, ndege aina ya shore wakawa hawafukuziki, na tukaambiwa mzigo umeshuka daraja. Tulipokea nusu ya bei iliyotajwa, na hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu yeyote.

Kuanzia hapo tuna taratibu mbili. Ya kwanza, hatukati kichala cha mvinyo bila mkataba wa maandishi unaotaja kilo, kiwango cha sukari, tarehe ya kuchukua na malipo ya awali. Ya pili, angalau nusu ya zao tunaitafutia wateja wa rejareja kabla hata halijageuka rangi. Mnunuzi wa mvinyo naye ana haki ya kutuuliza jambo moja, na tungefurahi kama wengi wangeliuliza: salfa ilipigwa mara ya mwisho lini? Sisi huacha wiki tano kamili kabla ya kuvuna, kwa sababu salfa iliyobaki kwenye ganda huufanya mvinyo unuke mayai viza unapochachuka.

Ninaweza kununua lini na wapi?

Mvuno mkuu huanza katika wiki ya kwanza ya Agosti, na ni bahati yetu kwamba maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kati hufanyika wakati huo huo katika viwanja vya Nzuguni. Wateja wetu wengi walitujua hapo. Baada ya maonyesho tunauza shambani kila siku kasoro Jumapili, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano. Mchana hatuuzi, kwa kuwa zabibu zilizokatwa juani huja na joto lake ndani ya kreti na huanza kuharibika kabla hazijafika kwako.

Je, zitafika Dar es Salaam zikiwa salama?

Zitafika, iwapo zimekatwa alfajiri, zimepoa kivulini, na zimepangwa safu moja tu ndani ya kreti la plastiki lenye matundu, vikonyo vikitazama juu. Adui ni kulundika: ndoo ya lita 20 iliyojazwa hadi mdomoni hufika ikiwa juisi kuanzia nusu kwenda chini. Tangu treni ya mwendokasi ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, baadhi ya wateja wetu hupita shambani asubuhi na kuondoka na kreti moja la kubeba mkononi, nao ndio wanaotupa taarifa nzuri kuliko wote.

Nina ekari moja na ninataka kuanza. Nifanye nini kwanza?

Pima maji yako kabla ya kununua mche hata mmoja. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na mzabibu hauivumilii sana. Utaona kingo za majani zimeungua ukadhani ni ugonjwa, ukapiga dawa isiyohusika. Maji yakifaa, chimba mashimo ya sentimita 60 kila upande, kwa nafasi ya mita 3 kati ya safu na mita 2 kati ya mche na mche, ambayo itakupa mizabibu ipatayo 670 kwa ekari. Panda mwanzoni mwa mvua ili miezi ya kwanza usinunue maji. Katika mwaka wa kwanza usiweke tamaa ya kichala; acha shina moja lililonyooka lifike kwenye waya, mengine yote ondoa. Mavuno ya kwanza ya maana huja kuanzia mwaka wa pili, na shamba hukomaa mwaka wa tatu na kuendelea.

Kuhusu aina na magonjwa, nenda kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ukaone mizabibu kwa macho yako. Na kabla hujaamua kuwa wa kilimo hai, mwulize mwenzako wa nyumbani kama mtaweza kuishi kwa mvuno mmoja kwa mwaka. Sisi tuliulizana swali hilo tukiwa tumeshachelewa, na mama hajaacha kulikumbusha.

Mnauza vipandikizi?

Ndiyo, mwezi wa Mei tu, wakati wa kupogolea. Ni pingili zenye macho matatu au manne, na tunazifunga kwenye gunia lenye unyevu. Weka oda kabla ya mwisho wa Aprili.

Ninaweza kuja na watoto wavune wenyewe?

Mnakaribishwa siku za Jumamosi za Agosti, kwa kupiga simu kwanza. Mkasi tunatoa sisi. Watoto wenye umri chini ya miaka 5 wakatiwe zabibu vipande vinne kwa urefu kabla ya kula, maana punje nzima huweza kuwakaba, na mbwa tafadhali aachwe nyumbani, kwa kuwa zabibu ni sumu kwa figo zake na zilizodondoka chini ni nyingi.